Meza ya Kujipakulia na Mzigo wa Madeni: Historia ya Bufe za Familia Nchini Marekani, 1983-2021

1. Utangulizi

Neno bufe lina asili ya Kifaransa. Hapo kale lilitaja kabati la kutunzia vyombo vya mezani; baadaye likataja meza iliyopangwa vyakula ili kila mgeni ajipakulie. Nchini Marekani neno hilo lilipata maana ya tatu: nyumba ya biashara ambamo mtu hulipa bei moja mlangoni, kisha hula mpaka ashibe. Nyumba za namna hiyo zilienea katika miji mingi ya nchi hiyo, nazo zilipendwa hasa na familia zenye watoto na wazee wastaafu. Leo nyingi kati yake zimetoweka.

Mara nyingi husemwa kwamba biashara hiyo ilibeba kifo chake tangu kuzaliwa, kwa sababu hakuna mfanyabiashara awezaye kushindana na tumbo la mlafi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya kundi kubwa la mikahawa hiyo, lile la kampuni ya Buffets, Inc., haithibitishi dhana hiyo.

2. Chimbuko la desturi

Mwaka 1939, katika Maonyesho ya Dunia ya New York, banda la Sweden liliwaonjesha Wamarekani wengi meza ya Kiswidi ya vyakula mchanganyiko. Katika miaka ya 1940, hoteli ya El Rancho Vegas, iliyofunguliwa Las Vegas mwaka 1941, ilianza kuwalisha wageni wake wa usiku kwa dola moja. Shabaha yake ilikuwa kumzuia mcheza kamari asitoke kutafuta chakula kwingine. Hasara ya jikoni ilifidiwa na faida ya kamari.

Bufe ya familia haikuwa na kinga hiyo. Humo chakula kililazimika kujilipia chenyewe.

3. Jinsi biashara ilivyoendeshwa

Mwaka 1983, Roe Hatlen na C. Dennis Scott waliunda Buffets, Inc. katika jimbo la Minnesota. Mkahawa wao wa kwanza, Old Country Buffet, ulifunguliwa mwaka 1984 katika mji wa Fridley, na mwaka 1985 kampuni ikaanza kuuza hisa zake kwa umma.

Hesabu yao ilisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni malipo ya mlangoni. Mteja alilipa kabla ya kula, na watoto walilipa kidogo kulingana na umri wao. Kwa hiyo mama wa watoto wanne alijua gharama yote kabla hajashika sahani. Hakuogopa hesabu ya mwisho wala aibu ya kumnyima mtoto kipande cha pili.

Nguzo ya pili ni upungufu wa wahudumu. Kwa kuwa mteja alijipakulia mwenyewe, wafanyakazi wa ukumbini walihitajika hasa kwa kuondoa sahani na kusafisha meza. Mkahawa wa bufe hutumia sehemu kubwa zaidi ya mapato yake kununua chakula kuliko mkahawa wa kawaida, lakini huokoa katika mishahara.

Ya tatu, iliyo muhimu kupita zote, ni kupika kidogo kidogo. Sinia lilipokaribia kwisha, jiko lilileta jingine. Chakula kilibaki cha moto, na saa ya kufunga ilipofika, kilichotupwa kilikuwa kichache. Katika kazi hii, hasara ya chakula kisicholiwa yaweza kuwa nzito kuliko ile ya mlaji mwenye njaa. Tena mlafi mmoja hufidiwa na bibi kizee anayetosheka na supu na kipande cha mkate. Mkate, viazi vya kuponda na saladi hushibisha kwa gharama ndogo, na nyama kubwa hukatwa na mfanyakazi aliyesimama penye ubao, ili kipimo kisiachwe mikononi mwa mteja.

Hesabu hii hudai jambo moja: watu wengi. Ukumbi ukiwa nusu tupu, wastani huvunjika, na chakula hupoa mezani kikingoja walaji.

Mwaka 1989 Scott alianzisha HomeTown Buffet kule San Diego. Badala ya foleni moja ndefu, vyakula viligawanywa katika meza zilizotawanyika, na wateja hawakusubiriana tena. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1996.

4. Kukopa harusi, kulipa matanga

Mwaka 2000 kampuni ilinunuliwa na wawekezaji wa Caxton-Iseman Capital na kuondolewa katika soko la hisa. Ununuzi wa aina hii hutegemea mikopo, na deni huwekwa juu ya kampuni yenyewe iliyonunuliwa. Mwaka 2006 iliungana na Ryan's, na idadi ya mikahawa ikapita 600. Ryan's ilikuwa ikimiliki majengo yake mengi. Majengo hayo yaliuzwa ili kugharamia muungano, kisha yakakodiwa kutoka kwa wanunuzi. Nyumba iliyokuwa mali ikageuka kuwa pango la kila mwezi.

Bei za vyakula na mafuta zilipopanda na wateja wakapungua, hapakuwa na nafasi ya kupumua. Januari 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Iliomba tena Januari 2012, na mara ya tatu Machi 2016. Kila mara mikahawa ilifungwa, na wapishi na waosha vyombo wakapoteza kazi.

Ugonjwa wa korona ulimalizia kazi hiyo mwaka 2020, kwa kuwa upawa unaoshikwa na kila mkono ulionekana kuwa hatari. Mikahawa iliyosalia ilifungwa, na Aprili 2021 wamiliki wake wa wakati huo walirudi mahakamani. Mwezi Mei 2020 hata Souplantation, iliyoanza San Diego mwaka 1978, ilitangaza kufunga mikahawa yake yote 97.

Hata hivyo, Golden Corral, iliyoanzishwa mwaka 1973 Fayetteville, North Carolina, na James Maynard na William Carl, ilipita katika dhoruba hiyo hiyo. Nayo ilifunga milango mwaka 2020, na mmoja wa wafanyabiashara walionunua haki ya kutumia jina lake alifilisika. Lakini kampuni yenyewe iliendelea. Sahani zake hazikuwa na mpaka, sawa na zile za Old Country Buffet.

5. Hitimisho

Wahenga walisema kwamba wali wa kushiba huonekana kwenye sahani. Katika historia hii, kilichoangamiza hakikuonekana kwenye sahani. Kilikuwa katika mikataba ya mikopo na ya pango. Korona ilikuta nyumba iliyokwisha kuanguka mara tatu. Mlaji alikuwa amekwisha kuhesabiwa tangu mwanzo, na jiko lilijua kumkabili. Waliolipa matanga ni wafanyakazi, pamoja na familia za kipato kidogo zilizopoteza meza ambapo mtoto aliweza kurudi mara ya pili bila mzazi kugusa tena mfuko wake.