Vitabu Chini ya Vitambaa

Septemba 1995, Taliban walipouteka mji wa Herat, magharibi mwa Afghanistan, Nadia Anjuman alikuwa na miaka 14. Alikuwa msichana wa shule anayependa mashairi, basi. Shule za wasichana zikafungwa. Wanawake wakaambiwa waache kazi, wajifunike mwili mzima pamoja na uso, na wasitembee mbali bila mwanamume wa familia. Mwaka mmoja baadaye mji mkuu, Kabul, nao ukaanguka.

Amri hizi zilitolewa kwa jina la Uislamu. Lakini Herat haikuwa inangoja mtu kuja kuifundisha dini. Karne ya 15, Malkia Gawhar Shad alijenga msikiti na madrasa papo hapo. Jami, mshairi na mwanachuoni mkubwa, alifia mji huo mwaka 1492. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema kwamba msichana Mwislamu kusoma ni mambo ya Wazungu, mwulize ni nani aliyejenga Herat.

Sasa, kuna kitu kimoja ambacho Taliban hawakukataza: kushona. Kushona ni kazi ya wanawake, si ndiyo? Wanawake wa Herat wakaona mwanya. Wakaanzisha shule ya cherehani, wakaiita Sindano ya Dhahabu. Mara tatu kwa wiki walipita barabarani ndani ya burka zao, vikapu mkononi. Juu kuna vitambaa na makasi. Chini kuna daftari na kalamu.

Walikuwa wakienda nyumbani kwa Muhammad Ali Rahyab, profesa wa fasihi. Huko ndani hakukuwa na kushona kwa maana. Walisoma Shakespeare na Dostoyevsky, wakaandika, wakasomeana na kukosoana. Watoto walicheza nje wakilinda. Polisi wa dini wakionekana, watoto wanatoa habari, vitabu vinapotea, sindano zinatoka. Wangeshikwa, ingekuwa jela, mateso, au kifo. Nadia alikuwa mmoja wa wanafunzi hao.

Novemba 2001 Taliban wakakimbia Herat. Dunia ilishangilia, na kila gazeti likatafuta picha ya mwanamke akivua burka. Nadia akaingia Chuo Kikuu cha Herat kusomea fasihi. Mwaka 2005 akatoa diwani yake ya kwanza, Gul-e Dudi, yaani ua la moshi. Akaolewa, tena na msomi wa fasihi kama yeye, mfanyakazi wa maktaba ya chuo. Akapata mtoto wa kiume. Hadithi nyingi za ukombozi zingeishia hapo.

Lakini burka kuvuliwa ni jambo moja, na mamlaka juu ya mwanamke ni jambo lingine. Baada ya Taliban, Herat ilitawaliwa na Ismail Khan, mbabe wa vita aliyeungwa mkono na Marekani. Mwaka 2002 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba polisi wake walikuwa wakiwakamata wasichana waliokutwa na mwanamume asiye jamaa yao, na kuwapeleka hospitalini kupimwa bikira. Bendera mpya, macho yale yale.

Novemba 2005, katika siku za Idi, mume wa Nadia alimpiga. Nadia akafa. Alikuwa na miaka 24. Mume alikubali kwamba alimpiga, lakini akakana kumuua, akidai mkewe alikunywa sumu. Aliwekwa ndani. Wazee wakamshinikiza baba ya Nadia, mzee mgonjwa, asamehe. Akasamehe, na mkwe akatoka. Msomaji wa Garissa au Wajir anaijua njia hii kwa jina la maslaha.

Hili ndilo linaloniuma katika hadithi yake. Wakati wa Taliban, mlango uliofungwa ulimwokoa, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu waliomtaka asome. Wakati wa uhuru, mlango uliofungwa ulimuua, kwa sababu hakuna aliyeona ni kazi yake kuufungua. Wanaume wenye bunduki waliondoka, lakini wazo lao, kwamba mwanamke ana mwenyewe, lilikuwa limeshatangulia nyumbani kabla yao na likabaki baada yao.

Agosti 2021 Taliban walirudi. Sekondari za wasichana zikafungwa tena, na Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungiwa wanawake. Siku moja watang'olewa, maana hakuna utawala wa milele. Siku hiyo tusikimbilie kuhesabu burka zilizovuliwa. Tuulize swali moja tu: mwanamke akiuawa nyumbani kwake, kesi inaenda mahakamani, au inaenda kwa wazee?