Ubani wa Viwanda: Miaka 60 ya Fidia kwa Walioachishwa Kazi Marekani

Fomu yenyewe haikuwa ndefu. Saini za wafanyakazi watatu zilitosha. Waliandika jina la kampuni, bidhaa iliyokuwa ikitengenezwa, tarehe watu walipoanza kupunguzwa, na kwa nini wanaamini kazi yao imemezwa na bidhaa kutoka nje. Ikifika Wizara ya Kazi mjini Washington, mchunguzi mmoja alikabidhiwa jalada. Aliiandikia kampuni, kisha akawaandikia hata wateja wake: mlipoacha kununua hapa, mlihamia wapi? Majibu yakionyesha kwamba mzigo sasa unatoka Mexico au China, idhini ilitolewa. Nayo haikuwa ya wale watatu tu. Ilimgusa kila aliyepoteza kazi mahali pale, hata aliyeondoka mwaka mmoja kabla ya ombi kupelekwa.

Huo ndio uliokuwa mlango wa kuingilia Trade Adjustment Assistance, au TAA, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwasaidia walioachishwa kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Anayeufuatilia tangu mwanzo haoni huruma nyingi. Anaona bei. Karibu kila mara serikali ilipouanzisha, kuupanua au kuuokoa, kulikuwa na mswada wa biashara mezani uliokuwa ukitafuta kura.

Wazo lilitoka kwa wafua chuma. Mwaka 1954 David McDonald, rais wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, alikuwa mjumbe wa tume iliyoundwa na Rais Eisenhower kuangalia biashara ya nje. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kama taifa zima linafaidika kwa kupunguza ushuru, kwa nini hasara ibebwe na wachache? Tume ilimkatalia. Lakini seneta kijana wa Massachusetts, jimbo ambalo viwanda vyake vya nguo vilikuwa vikifa kimoja baada ya kingine, alilichukua wazo hilo akalifanya mswada. Mswada ulianguka. Seneta huyo aliitwa John F. Kennedy.

Alipokuwa rais alilirudia, safari hii akiwa na shida yake. Alitaka Bunge limpe uwezo wa kupunguza ushuru hadi nusu ili ajadiliane na Soko la Pamoja la Ulaya, na hilo lilikuwa gumu bila vyama vya wafanyakazi. George Meany, kiongozi wa shirikisho la AFL-CIO, alikubali kumuunga mkono, mradi wafanyakazi watakaoumia walindwe. Sheria ilitiwa saini tarehe 11 Oktoba 1962. Iliahidi asilimia 65 ya mshahara kwa hadi wiki 52, mafunzo ya kazi mpya, na pesa za kuhamia kwenye ajira.

Kisha ikawa kimya. Hadi Novemba 1969 hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyepata senti. Mlango ulikuwa na kufuli mbili: ilibidi kuthibitisha kwamba punguzo la ushuru ndilo sababu kuu ya bidhaa za nje kuongezeka, halafu kwamba ongezeko hilo ndilo sababu kuu ya watu kukosa kazi. Nani angeweza kuthibitisha hayo? Vyama vikaanza kuudhihaki mpango kwa kuuita bima ya mazishi. Sisi tungeuita ubani: mchango wa kuwafariji wafiwa, ambao haumrudishi marehemu. Kwa miaka saba, hata huo ubani haukufika msibani.

Sheria ya 1974, iliyosainiwa na Rais Ford Januari 1975, ilizivunja kufuli. Sasa ilitosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zilichangia kwa kiasi kikubwa, na uamuzi ukahamia Wizara ya Kazi. Mwaka 1980 magari ya Japani yalipoibana Detroit, zaidi ya watu nusu milioni walilipwa, na gharama ikafika dola bilioni 1.6. Kulikuwa na kichekesho ndani yake: wengi walipokea hundi wakiwa wamesharudi kwenye kazi zao zilezile. Reagan hakucheka. Mwaka 1981 alipunguza malipo yakalingana na ya kawaida ya wasio na ajira, na mtu akatakiwa kuyamaliza hayo kwanza.

Mkataba wa NAFTA, wa biashara huria Amerika Kaskazini, ulipopitishwa 1993, ulikuja na mfuko wake wa pembeni. Mwaka 2002 Rais Bush alitaka mamlaka ya kusaini mikataba haraka, na Baraza la Wawakilishi likampa kwa kura 215 dhidi ya 212. Ndani ya sheria hiyohiyo mlikuwa na msaada wa bima ya afya na nyongeza kwa wenye miaka 50 na kuendelea: aliyepata kazi ya mshahara mdogo kuliko wa zamani alilipwa na serikali nusu ya tofauti, isiyozidi dola 10,000 kwa miaka miwili.

Mtihani wa sheria hiyo haukukawia. Tarehe 30 Julai 2003 kampuni ya mashuka na taulo ya Pillowtex ilifunga milango. Katika North Carolina pekee zaidi ya watu 4,000 walikosa kazi, wengi wao wa Kannapolis, mji uliojengwa na kiwanda cha taulo cha Cannon na kuishi kwa kiwanda hicho. Wengi walikuwa wameingia kiwandani wakiwa vijana, bila kumaliza sekondari. Sasa mtu wa miaka 50 alikuwa akirudi darasani katika chuo cha jamii cha Rowan-Cabarrus, kuanza na hesabu alizoziacha utotoni. Ile bima ya afya serikali iliilipia asilimia 65. Asilimia 35 iliyobaki ilitakiwa itoke kwa mtu asiye na mshahara, na kwa wengi haikutoka.

Je, ulisaidia? Tathmini iliyochapishwa 2012 ilikuta kwamba, baada ya miaka minne, walioupitia walikuwa na kipato kidogo kuliko wenzao ambao hawakuupitia. Baadaye mchumi Benjamin Hyman alipima kwa njia nyingine, akitumia ukweli kwamba wachunguzi wa wizara hawakufanana, walikuwapo wepesi na walikuwapo wakali. Alikuta walioidhinishwa walipata takriban dola 50,000 zaidi ndani ya miaka kumi. Mimi naelemea kwa Hyman, ila linanikera hilo la bahati: hatima ya kiwanda kizima kutegemea jalada limeangukia meza ya nani.

Huku Afrika Mashariki, viwanda vya nguo vilipokufa miaka ya 1990 vikishindana na mitumba na vitambaa kutoka nje, hakukuwa na fomu ya kujaza. Mwenye bahati alipata kiinua mgongo.

Kisa kinachoonyesha sura halisi ya mpango huu kilitokea 12 Juni 2015. Wabunge wa Democratic, ambao kwa miaka mingi ndio waliokuwa watetezi wake, walijiunga na wapinzani wakauangusha kwa kura 302 dhidi ya 126. Hawakuuchukia. Ulikuwa umefungwa pamoja na mswada wa kumpa Obama mamlaka ya mikataba ya biashara, na kuua mmoja kulikuwa njia ya kuua mwingine. Wiki mbili baadaye ilitenganishwa, yote miwili ikapita, na mpango ukaongezewa muda.

Muda huo ulipoisha hapakuwa na mkataba mkubwa wa kuuzwa, kwa hiyo hapakuwa na aliyehitaji kuulipia. Tarehe 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi ilipoteza mamlaka ya kupokea maombi mapya na kuyaamua. Waliokwisha kuidhinishwa waliruhusiwa kumaliza masomo yao. Ambao majalada yao yalikuwa bado mezani kwa wachunguzi hawakupewa jibu.