Kutoka Redio hadi Rununu: Mwalimu wa Fasihi na Masomo ya Kazini

Mjadala kuhusu teknolojia na masomo ya walimu walio kazini aghalabu huanzia kwenye tarakilishi. Makala haya yanaanzia kwenye redio, kwa kuwa yaliyomfika mwalimu wa fasihi katika enzi ya rununu hayaeleweki vyema bila ya kurudi nyuma kidogo.

Nchi ilipopata uhuru, shule nyingi za msingi zilikuwa mikononi mwa walimu wasio na mafunzo ya kutosha. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ililiona tatizo hilo, na mwaka 1967 kikaanzishwa huko Kikuyu, chini ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi cha wakati huo, kitengo cha masomo kwa njia ya posta. Mwalimu alipokea vijitabu, akasikiliza vipindi katika Sauti ya Kenya, akaandika zoezi na kulituma lisahihishwe. Wengi walitafuta kupanda kutoka daraja la P3 hadi P2. Mwaka 1986 chuo hicho kikaanzisha shahada ya ualimu kwa masafa, masomo yakiwa katika vitabu na kanda za kaseti. Linalostahili kuangaziwa ni lile zoezi lililotumwa. Upande wa pili wa posta palikuwa na msahihishaji, mtu wa kumwambia mwalimu kwamba hapa umelielewa swali na hapa umeteleza.

Miradi iliyofuata ilielekezwa kwingine. Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni kilianza mwaka 1997 kwa msaada wa Benki ya Dunia, na mradi wa SMASSE ukaanza 1998 kwa msaada wa Japani. SMASSE ulikuwa wa hisabati na sayansi. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye somo lake ni la lazima kwa mtahiniwa wa KCSE, aliachiwa semina za wachapishaji na mazungumzo ya wasahihishaji wa mitihani. Tena yafanyike mjini, na nauli ajitafutie.

Kwetu Bulla Pesa, wadi ya mji wa Isiolo, nauli hiyo si jambo dogo. Kwa miaka mingi lami ya kutoka Nairobi ilikomea hapa Isiolo. Wanafunzi wetu hutoka katika nyumba za Waborana, Wasomali, Waturkana na Wameru, na Kiswahili chao cha kwanza ni cha sokoni na cha stendi. Mwalimu anayewafundisha tamathali za usemi anahitaji mwenzake wa kushauriana naye pengine kuliko mwalimu wa Mombasa.

Intaneti ingeweza kuwa mwenzake huyo. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kupita chini ya bahari na kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kusuasua. Hata hivyo hazina ilikuwapo. Kamusi Hai ya Kiswahili ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994. Mwaka huohuo lilizaliwa Ujerumani jarida lijulikanalo leo kama Swahili Forum, ambalo makala yake ya uhakiki husomwa bure mtandaoni. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003. Mradi wa TESSA, ulioanza 2005, uliandaa nyenzo za walimu kwa Kiswahili pia, ingawa kwa shule za msingi. (Wakati huo sisi Wakenya tulikuwa tukibishana kama chombo chenyewe kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Ubishi huo ulitufaa: ulikuwa somo zuri la uundaji wa istilahi.)

Lakini kilichoingia katika rununu zetu kwa wingi si hazina hiyo. Ni mwongozo. Faili moja, haina jina la mwandishi, imenakiliwa mara nyingi hata makosa yake ya tahajia yamekuwa mapokeo: sifa za mhusika zimeorodheshwa, dhamira zimeorodheshwa, na maswali na majibu yake yamo. Chukua *Kidagaa Kimemwozea* cha Ken Walibora, kilichotahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017. Humo Majisifu anauiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Riwaya inayoshutumu wizi wa kazi ya kalamu ikafundishwa kwa karatasi zisizo na mwenyewe! Mtahiniwa akakariri kwamba Majisifu ni mlevi na mwizi, asiulize kwa nini mswada ulioibwa una jina lilelile la kitabu alichokishika mkononi.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalirudi redioni na kwenye runinga kupitia kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Safari hii hapakuwa na zoezi la kutuma Kikuyu. Septemba 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ikazindua mpango wa mafunzo endelevu kupitia taasisi nne, sehemu yake ikiwa mtandaoni, na walimu wengi wakalalamikia ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka. Ada inazungumzika. Kwangu swali zito zaidi ni hili: nani atakayesoma uhakiki alioandika mwalimu wa fasihi na kuujibu?

Walimu wa shule jirani wanaweza kuanza leo bila ada. Kila mmoja aandike aya moja kuhusu sura moja ya riwaya teule, aitume kwa mwenzake kwa rununu, naye airudishe na masahihisho. Kisha waufungue mwongozo uliomo katika simu hiyohiyo, na kando ya kila sifa waandike ukurasa wa kitabu unaoithibitisha. Sifa itakayokosa ukurasa ifutwe, na watahiniwa waonyeshwe ilivyofutwa.