Safari ya Powell ya 1869

Safari ya Powell ni msafara wa uchunguzi wa kijiografia ulioongozwa na John Wesley Powell mwaka 1869 katika mito Green na Colorado, magharibi mwa Marekani. Ramani za wakati huo ziliacha eneo hilo tupu, ingawa Wapaiute na wenyeji wengine waliishi humo tangu zamani. Powell, profesa wa jiolojia aliyepoteza mkono wa kulia katika mapigano ya Shiloh (1862), aliondoka Green River, Wyoming, tarehe 24 Mei akiwa na wanaume tisa na mashua nne za makasia. Mwezi Juni mashua moja ilivunjika kwenye maporomoko ya Lodore. Barometa zilizokuwamo, muhimu kwa kupimia miinuko, ziliopolewa siku iliyofuata. Chakula kilichopotea hakikuwa na mbadala: nyama iliyosalia iliharibika na unga ukaota ukungu. Mmoja alijitoa Julai. Tarehe 28 Agosti, ndani ya Grand Canyon, watatu walikataa kuvuka maporomoko mengine, wakapanda nchi kavu na hawakuonekana tena. Sita waliobaki walifika mlango wa mto Virgin tarehe 30 Agosti. Powell alirudi mtoni 1871 kukamilisha upimaji.