Kosa la Lagrange kwenye karatasi za wanafunzi

Kila muhula nikisahihisha majaribio ya kalkulasi, kosa hili halikosekani. Mwanafunzi kaambiwa athibitishe kwamba e^x ni sawa na mfululizo wake wa Taylor. Anatafuta derivativi kwenye sifuri, zote zinatoka 1, anapanga vipengele, anaonyesha kuwa mfululizo una jumla, kisha anaandika "kwa hiyo" na kupiga mstari. Pembeni naandika: "Jumla ipo, sawa. Nani kakwambia jumla hiyo ni e^x?"

Simlaumu sana. Brook Taylor alipochapisha kanuni yake mwaka 1715 hakuhangaika na swali hilo. Hata Joseph-Louis Lagrange, katika kitabu chake cha 1797 kilichotokana na masomo yake pale École Polytechnique, Paris, alitaka kuijenga kalkulasi yote juu ya mifululizo hiyo, akichukulia kwamba fankisheni na mfululizo wake ni kitu kimoja. Cha ajabu, kitabu hicho hicho ndicho kilichotoa fomula ya baki, yaani kinachosalia ukikatiza mfululizo njiani. Dawa alikuwa nayo mkononi.

Mwaka 1822 Augustin-Louis Cauchy akaleta e^(-1/x²), ikipewa thamani 0 pale x ilipo 0. Derivativi zake zote hapo ni 0, kwa hiyo mfululizo wake ni sifuri tupu. Lakini x ikiwa 1, fankisheni yenyewe ni karibu 0.37. Cauchy naye alifundisha shule ile ile, na wakubwa wake walinung'unika kwamba anawajaza nadharia vijana wanaosomea uhandisi. Mimi namshukuru. Badala ya kuandika "haijakamilika", neno lisilomsaidia mtu, nampa mwanafunzi fankisheni hiyo aupitishe humo uthibitisho wake, mstari kwa mstari.

Wengi hurudi na baki: e^c · x^(n+1)/(n+1)!, c ikiwa kati ya 0 na x. Halafu wanaikuza n huku c imesimama palepale. Naizungushia duara. c yaweza kuhama kila n inapobadilika. Waonyeshe kwanza kwamba e^c haizidi e^|x| popote c itakapoangukia, ndipo faktoria ya chini imalize kazi.