Zebaki, Sindano na Uso wa Mpakani

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisi walimu tumeizoea mno methali hii darasani, hata pengine tumesahau kwamba mkakasi ni chombo halisi, kijaluba kilichotiwa nakshi, na kwamba aliyetunga usemi huo alikuwa na kitu machoni pake. Katika makala haya tunakusudia kukifungua kijaluba hicho na kutazama kilichomo. Tutaeleza kwa ufupi historia ya dawa za uso, tangu sabuni za zebaki mpaka sindano za kulainisha makunyanzi ya kando ya macho, nasi tutaitazama historia hiyo tukiwa tumesimama Busia na Tororo, mahali ambapo bidhaa nyingi za Afrika ya Mashariki hupita kwa haki au kwa magendo.

Yafaa kwanza tukumbushane mahali penyewe. Hadi mwaka 1902 nchi yote iliyoko kati ya Busia na Naivasha ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza waliihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda kuwa chini ya utawala wa upande wa pwani, na kwa kalamu hiyo Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa katika nchi mbili. Mpaka ulipita kati ya shangazi na mpwa wake. Kwa hiyo hapana ajabu kwamba mtu wa Busia hakuuona mpaka kuwa ukuta, bali aliuona kuwa soko. Njia za panya zilizokatiza mashambani zilikuwa njia za kwenda kusalimia jamaa kabla ya kuwa njia za magendo.

Hatudai kwamba wazee wetu hawakujali sura zao. Pwani walikuwa na wanja wa macho, hina ya mikono na liwa ya kupaka usoni. Bara walikuwa na samli na mafuta ya kung'arisha ngozi. Lakini tukiyachunguza mapambo hayo tutaona kwamba aghalabu yalikusudiwa kuupamba uso uliopo, si kuuficha wala kuubadilisha na mwingine. Makunyanzi yalikuwa yakisomwa kama maandishi. Bibi aliyekunjamana kando ya macho alipewa kigoda cha mbele penye shauri, kwa kuwa utu uzima dawa.

Badiliko kubwa lilikuja na zebaki. Madini hii ya majimaji huzuia ngozi isitengeneze rangi yake ya asili, na kwa sababu hiyo viwanda vya ng'ambo viliitia katika sabuni na krimu za kuchubua ngozi. Sabuni za namna hiyo zilikuwa na iodidi ya zebaki kiasi cha asilimia 1 hadi 3. Zebaki haiishii juu ya ngozi. Hupenya mwilini, ikaharibu mafigo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humpitishia mwanawe aliye tumboni.

Jambo hili halikugunduliwa mbali nasi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za wagonjwa wao wa mafigo, watu wazima waliovimba mwili kwa sababu mafigo yalikuwa yakipitisha protini katika mkojo. Walipowauliza maisha yao, waligundua kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kuchubua zenye zebaki. Basi ushahidi ulitoka hapa kwetu, katika miili ya watu wetu.

Ni nini kilichofuata? Mwaka 1976 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilitoa amri ya pamoja iliyokataza zebaki katika vipodozi vya kawaida, ili raia wao wasidhurike. Lakini kutengeneza sabuni hizo kwa ajili ya kuziuza nje hakukukoma. Ilikuwa mwaka 2003 ndipo Ulaya ilipokataza pia kusafirisha sabuni za zebaki kwenda nchi nyingine. Kwa miaka 27, basi, sumu iliyokatazwa nyumbani kwa mwenye kiwanda iliruhusiwa kufungwa katika karatasi ya kupendeza na kutumwa kwa mgeni. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili kila asikiapo kwamba mwanamke wa Kiafrika alijiharibu kwa ujinga wake mwenyewe.

Serikali zetu nazo zilichukua hatua. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni mwishoni mwa miaka ya 1990, na Tanzania ikatunga sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliotiwa saini nchini Japani mwaka 2013, ulianza kutumika mwaka 2017. Na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana huko Geneva kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viwe vimeachwa, hata vile vyenye kiasi kidogo. Hata hivyo marufuku ya upande mmoja wa mpaka huwa ni faida kwa mchuuzi wa upande wa pili. Kilichokatazwa hupanda bei, na kilichopanda bei hakikosi mbebaji.

Na katika wilaya ya Busia, Uganda, zebaki ina mlango wa pili. Huko Tiira wachimbaji wadogo huitumia kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki, na moshi wake huvutwa na waliokaa karibu. Kwa hiyo yamkini katika nyumba moja baba huishika zebaki machimboni na mama huipaka usoni, kila mmoja akiijua kwa jina jingine, wala wasijue kwamba ni kitu kimoja.

Sasa tuje kwenye sindano. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Württemberg, Ujerumani, Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, alichunguza vifo vya watu waliokula soseji zilizoharibika. Aliandika kwamba sumu hiyo hulegeza misuli, akabashiri kwamba huenda siku moja ikawa dawa. Mwaka 1895 wapiga muziki wa kijiji kimoja cha Ubelgiji walikula nyama ya nguruwe baada ya mazishi, na watatu wakafariki. Kutokana na nyama hiyo Emile van Ermengem akakipata kijidudu kinachotengeneza sumu yenyewe, iitwayo botulini kwa jina la Kilatini la soseji.

Bashiri ya Kerner ilitimia baada ya muda mrefu. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alichapisha mwaka 1980 matokeo ya kuitumia sumu hiyo, kwa kiasi kidogo sana, kunyoosha macho yenye makengeza. Mwaka 1989 serikali ya Marekani iliikubali kuwa dawa ya makengeza na ya kope zinazojikaza pasipo hiari. Mwaka 1987 huko Vancouver, Kanada, Jean Carruthers, daktari wa macho, alikwisha kuona kwamba wagonjwa wake wa kope walipotewa na mikunjo ya paji la uso. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, waliyaandika hayo mwaka 1992. Marekani ikairuhusu sindano hiyo kwa mikunjo ya kati ya nyusi mwaka 2002, na kwa ile ya kando ya macho, ambayo Waingereza huiita miguu ya kunguru, mwaka 2013. Hivyo dawa ya makengeza ikawa pambo.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Sumu huukata ujumbe unaotoka katika mshipa wa fahamu kwenda kwenye msuli. Msuli ukilegea, ngozi iliyo juu yake haikunjiki. Baada ya miezi mitatu au minne nguvu yake huisha, na mwenye kutaka hana budi kurudi. Mikononi mwa daktari aliyefunzwa madhara makubwa ni nadra. Lakini dawa hii hupimwa kwa vipimo vidogo mno, huhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikidungwa vibaya huweza kuangusha kope, au ikasambaa na kuzuia kumeza na kupumua. Mwaka 2024 huko Marekani watu 22 katika majimbo 11 walidhurika baada ya kudungwa sindano bandia au na watu wasio na idhini. Ikiwa hayo yalitokea penye wakaguzi tele, tufikiri kichupa kilichopita njia ya panya katika jua la adhuhuri, ndani ya mfuko wa nguo.

Kwa sasa sindano hii ni huduma ya miji mikubwa kama Nairobi na Kampala. Lakini sabuni nayo ilianza kwa wenye uwezo wa mijini, kisha ikashuka bei, ikafuata barabara. Hiyo ndiyo sababu ya kuyasema haya mapema.

Nasi tunayo sababu nyingine. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mchuuzi wa mitumba alitujia shuleni na kipande cha sabuni, akatuambia, "Mwalimu, nisomee hapa. Wewe ndiwe mwenye lugha." Tuliyasoma maandishi yake ya kigeni kwa sauti, herufi kwa herufi, pamoja na neno la zebaki lililoandikwa humo. Tulipomaliza alituuliza, "Basi maana yake nini?" Hatukuweza kumjibu. Alitushukuru kwa heshima, akaifunga sabuni yake katika kanga, akaenda zake. Aibu ya siku ile haijatutoka.

Watu wa mpaka huu si maskini wa maneno. Inasemekana kuwa ni hapa, penye baiskeli zilizovusha wasafiri kutoka mpaka hadi mpaka, ndipo lilipozaliwa neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika ya Mashariki nzima. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilikiweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikakiweka kuwa lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia mama kilichomo katika sabuni yake ina urasmi gani?

Hatuwashauri wasomaji wetu wachukie uzuri, wala hatuna haki ya kumhukumu mtu anayetaka macho yasiyo na mikunjo. Tunachowaomba walimu wenzetu ni kwamba zebaki isibaki kuwa neno la kamusi tu, na kwamba mwanafunzi aweze kueleza kwa Kiswahili, nyumbani kwao, tofauti ya dawa, sumu na kipimo. Mama yule akirudi, au akija binti yake na kichupa cha sindano mkononi, atukute tuna jibu.