Kumtembeza Mjukuu Berea



Ukurasa huu nilikusudia uwe wa mambo madogo. Nilikwenda Durban miezi mitatu kumsaidia binti yangu, na kazi niliyopewa ilikuwa moja tu: kumtembeza mjukuu wangu, aliyetimiza miaka miwili na asiyejua kukaa. Mimi nilimaliza umri wangu wa kazi nimekaa kitini nikinakili madaftari ya watu. Uzeeni nimepewa mtu wa kukimbizana naye. Lakini matembezi yale yalinifikisha kwenye jambo ambalo tumelikwepa humu tangu tulipoanza kuandika habari za wazee wetu, na nimeona haya kuendelea kulikwepa.

Berea ni mgongo wa kilima ulio nyuma ya mji wa Durban. Udongo wake ni mchanga mwekundu, mabaki ya matuta ya pwani ya zama za kale, na ukisimama juu yake waiona bandari yote na, ng'ambo ya maji, ile rasi ndefu iitwayo Bluff. Jina alilitoa mmisionari wa Kiingereza, Kapteni Allen Gardiner, mwaka 1835, akiukumbuka mji wa Makedonia unaotajwa katika Matendo ya Mitume. Sisi tuliopita kwenye vitabu vya Kiarabu tuna la kuongeza hapo: jina hilo hilo ndilo Wagiriki waliloupa mji wa Halab, katika nchi ya Sham, baada ya Iskandar. Majina nayo husafiri kama watu.

Walowezi wenye uwezo walipanda kilimani kuukimbia mvuke na mbu wa bandarini, wakajenga nyumba zenye baraza pana. Sheria ya mwaka 1950 ya kuyagawa maeneo kwa rangi za watu ikaja kuupa mpango huo muhuri wa serikali, na haikufutwa hadi 1991. Nyumba ambayo binti yangu amepanga ghorofa yake ya chini ilijengwa kabla ya sheria hiyo. Kwa miaka mingi mtu wa sura yake asingeweza kulala humo, ila kwa kuajiriwa, na hapo angelala uani.

Mtoto hana habari ya hayo. Asubuhi baada ya chai alikuwa akivileta viatu vyangu mwenyewe, kimoja kimoja, na kuvitupa mbele yangu. Tukitoka, yeye huanza ndani ya kigari na kumalizia mabegani kwangu, kwa sababu njia za Berea zinapanda na kushuka wala hazimwonei huruma mzee. Tulinyang'anywa ndizi na tumbili mara mbili. Mara ya pili mtoto alicheka sana hata nikashuku kuwa wamekula njama.

Bustani aliyoipenda zaidi ni Mitchell Park, upande wa Morningside, kwa ajili ya kobe wakubwa. Nami nilikuwa radhi, maana kobe wa namna ile ndio tuliokuwa tukipelekwa kuwatazama utotoni kisiwani Changuu, wale ambao asili yao ni zawadi iliyotoka Shelisheli mwaka 1919. Bustani hiyo ina sifa pia ya tembo aliyeitwa Nellie, aliyetolewa na Maharaja wa Mysore mwaka 1928. Husimuliwa kuwa alijua kupasua nazi kwa mguu na kupuliza kinanda cha mdomo. Nilimweleza mjukuu, akaomba tembo papo hapo, nikajuta.

Benchi za bustanini leo ni za kila mtu. Mama mmoja wa Kizulu, rika langu, tuliyezoeana naye kwa kukutana kila siku, alinieleza kuwa ujanani mwake alikuwa yaya kilimani pale. Aliingia bustanini akisukuma mtoto wa mwajiri wake. Wa kwake mwenyewe, wa umri ule ule, alikuwa kwa bibi yake shamba, naye hakupata kumleta hata siku moja. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha mahali pa umma ilifutwa 1990, na mwanawe wakati huo alikwisha kuwa mtu mzima. Aliyasema hayo huku akimfunga mjukuu wangu kamba za viatu.

Siku za Jumapili tulikwenda Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1849. Humo umo mmea mashuhuri kwa upweke: Encephalartos woodii, ulio mfano wa mtende mnene. John Medley Wood aliukuta katika msitu wa oNgoye mwaka 1895, dume peke yake, na hadi leo jike lake halijaonekana popote duniani. Huzalishwa kwa machipukizi tu. Nilikuwa nimesimama nikiutafakari pale mtoto aliponitoroka kuelekea ziwani.

Aliyemdaka ni bibi mmoja aliyejitanda mtandio, amekaa kwenye mkeka na wajukuu wake. Nikatoa salamu, akaitikia. Mtoto akaomba maji: kwetu ni maji, kwa yaya wake wa Kizulu ni amanzi, naye huchanganya akasema «manzi». Yule bibi akacheka, akasema nyumbani kwa bibi yake wao husema maasi. Nikashtuka. Hilo ni neno la Kimakua. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akanijibu kwa Kiingereza, lugha iliyokuwa yetu sote wawili kwa lazima: «Sisi ni Wazanzibari.»

Basi mimi, niliyezaliwa Unguja, nikawa nimekutana na Mzanzibari ambaye hajawahi kuiona Zanzibar, wala mama yake, wala bibi yake.

Habari zao ni hizi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akibanwa na balozi John Kirk na tishio la manowari, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la mjini. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi na kuwashusha watu Unguja. Koloni la Natal nalo lilikuwa na njaa ya vibarua. Agosti mwaka huo huo manowari Briton ilitia nanga Durban na kundi la kwanza, watu zaidi ya mia, na mengine yakafuata hadi 1880. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Waliitwa huru, kisha wakafungwa kwa mikataba ya kazi ya miaka mitano. Zanzibar kwao ilikuwa kituo cha njiani tu, nao wakabakia na jina la kituo.

Walio Waislamu walikusanyika King's Rest, kwenye rasi ya Bluff, katika ardhi iliyonunuliwa na wadhamini wa msikiti wa Juma wa mtaa wa Grey. Walikuwa na msikiti wao, na makaburi. Serikali ya ubaguzi ilipokuja kuwapanga watu kwa makundi haikujua iwatie wapi. Mwishowe iliwaandika kuwa «Waasia wengineo», na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawahamisha hadi Chatsworth, mtaa wa Bayview, katikati ya Wahindi. Wamakua wakawa Waasia kwa kalamu ya karani. Nimekuwa karani, naijua nguvu ya kalamu ile.

Bibi alinionyesha kwa kidole, kati ya miti, upande wa Bluff. Alihamishwa akiwa na umri kama wa mjukuu wangu. Anachokumbuka ni kubebwa mgongoni na kuona kuku wao wamefungwa miguu juu ya lori. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: «Na nyinyi, huko Zanzibar, mlikuwa nani?»

Nikasema: Waarabu wa Unguja, wenye shamba la karafuu.

Alinyamaza kidogo akimchambulia mtoto chungwa. «Basi huenda wazee wetu walijuana,» akasema. Akacheka mwenyewe. Mimi sikuweza.

Ndugu zangu, wengi wenu mmeisoma ile hati ya mirathi ya babu wa babu yetu, ya mwaka 1297 wa Hijra, sawa na 1880, niliyoifasiri humu miaka iliyopita. Baada ya mikarafuu na nyumba, inaorodhesha watu kumi na mmoja, na wanne kati yao wameandikwa «Makua». Hati inawaita khuddam, nami nikafasiri «watumishi». Kamusi itanitetea. Lakini aliyesoma hati za Unguja anajua kuwa khadim katika Kiarabu chetu cha pwani na cha Oman ni mtumwa, na watumishi hawagawiwi kwa hisa baina ya mke na watoto. Nililijua hilo siku nilipolifasiri. Niliona vibaya watoto wetu wa Cardiff na Dubai walisome.

Katika habari zetu tumeandika sana juu ya Januari 1964, jinsi tulivyotoka na kilichobaki nyuma, na tulikuwa na haki ya kuandika. Nimetafuta ukurasa mmoja tuliouandika juu ya wale kumi na mmoja, sikuupata. Hata hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja, mwaka 1897, karatasi zetu zinataja hasara ya shamba na hazisemi watu walikwenda wapi.

Jumapili iliyofuata bibi alitualika kwake Bayview. Tulikula wali na samaki wa nazi, na mjukuu wangu alilala kwenye kochi amekumbatia kiatu cha mwenyeji. Wazee wawili wa mtaa walikuja. Mmoja alijua maneno ya Kiswahili yapatayo ishirini, mengi ya msikitini na jikoni, akayasema yote kwa mfululizo kama mtu anayehesabu fedha. Niliwaeleza habari ya hati. Hawakunilaumu wala hawakunipoza, waliuliza majina. Nikawasomea yale manne kutoka kwenye simu yangu. Majina ya kupewa, ya kutakiwa baraka na furaha, si ya Kimakua hata moja. Hapakuwa na aliyeyatambua, wala sikutarajia, kwa kuwa watu wa hati ile walibaki Unguja na wao walichukuliwa huku. Hata hivyo mzee mmoja aliomba niyasome tena, polepole, akaandika.

Kaka yangu aliyeko Maskati hapendi niyaseme haya hadharani. Asema kila nyumba ilikuwa vile, na kuwa marehemu hawana wa kuwatetea. Namheshimu, ni mkubwa wangu. Nimejibu kuwa wale kumi na mmoja pia ni marehemu.

Katika tafsiri ya hati nimelifuta neno «watumishi» na kuandika «watumwa», mahali pote sita. Anayetaka nakala ya asili aniandikie. Bayview nimekwisha kuipeleka.